Walimuuliza Wifi, Hawakuniuliza Mimi

Kama umeshaambiwa neno lile na daktari, na sasa unaligusa titi lako kila mara kana kwamba utalikuta limepona lenyewe, njoo ukae hapa karibu yangu. Sitakufundisha ugonjwa. Wapo wanaoujua kwa majina yake yote. Mimi najua benchi la kungojea, najua ndoo ya kutapikia, na najua jambo moja ambalo hakuna aliyenionya nijiandae nalo: kwamba nitapigana vita viwili, vya kwanza na uvimbe, na vya pili na watu wanaonipenda na wanaonitibu. Vile vya kwanza nilisaidiwa sana. Vya pili ilibidi nijisaidie, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu. Tunaishi Muhumba, mimi na mume wangu ambaye ni mtu wa ofisi, pamoja na watoto wetu. Mkubwa ni Nsimire, anasomea udaktari. Nimezoea kuuliza maswali na wengine wanajibu, na wanafunzi wangu wanasema nina mdomo. Sikatai. Jina la daktari wangu na la hospitali sitayataja, kwa sababu siwezi kulalamika kwamba siri zangu zimemwagwa halafu nikamwaga za wengine. Majina haya mengine nimeyabadilisha, na kila aliyemo humu nilimwomba ruhusa kwanza. Wifi yangu alikubali kwa sharti moja, kwamba maneno yake niyaache kama alivyoyasema, na sharti hilo nimelitimiza.

Uvimbe niliugusa mvua zilipoanza, nikijipaka sabuni. Ulikuwa mdogo kama harage. Nikasema nitauangalia baada ya mitihani, kisha baada ya Noeli, kisha baada ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Mtu ukiwa na hofu, kalenda hujaa shughuli. Nilipokubali kwenda hospitali ngozi ilikuwa imejivuta ndani kama ganda la chungwa, na pembeni pamefunguka kidonda kilichotoa maji. Nilikuwa nikikifunika kwa kitambaa cha pamba na kuvaa blauzi pana. Nilioga mlango ukiwa umefungwa, na mume wangu alidhani nimekasirika.

Huku kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakwenda na garde-malade, yaani ndugu wa kumchunga. Ndiye anayebeba blanketi na beseni, anayepika kwenye jiko la makaa nyuma ya vyumba vya wagonjwa, anayekimbia kutafuta dawa, na ndiye daktari anayeongea naye kwenye korido. Mgonjwa anabaki kitandani kusubiri aambiwe yaliyosemwa. Garde-malade wangu alikuwa wifi yangu Cibalonza, dada mkubwa wa mume wangu, mkulima wa Walungu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliacha maharage yake shambani akaja. Hakuna aliyemwomba.

Siku waliponikata kipande kidogo cha nyama ili wakipime, umeme ulikatika. Nililala kifua wazi, nimegeuza uso ukutani nisione sindano, na kila aliyekuwa chumbani akawasha simu kumulika. Niliona mwanga ukisogea, ukisimama, ukisogea tena. Nikamshukuru Mungu kwa simu. Cibalonza alikuwa mlangoni, nikasikia daktari akimnong'oneza kitu, naye akijibu, "Sawa, Docteur, hakuna shida." Nilidhani wanaongelea dawa.

Kisha zikaanza dawa zenyewe, moja kila baada ya majuma matatu. Walitaka kuupunguza uvimbe kwanza, halafu ndipo wapasue. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, na nilipokwenda chooni mkojo nao ukatoka mwekundu, nikapiga kelele hadi muuguzi akaja mbio. Alicheka, nami baadaye nikacheka. Baada ya ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Nsimire alininyoa zilizobaki, akasema nina kichwa kizuri cha mviringo. Kucha zikawa nyeusi. Bugali ukawa na ladha ya msumari, na sambaza, dagaa za ziwani nilizozipenda tangu utoto, zikaninukia zikiwa bado kwa jirani. Wamama wa shirika letu la parokia walikuja Jumamosi kusali, na mmoja wao, badala ya kusali kwa sauti, alifua nguo zangu zote akaondoka. Huyo simsahau.

Na Cibalonza alikuwepo muda wote. Alilala sakafuni kwenye mkeka. Aliosha beseni langu bila kukunja uso. Nilipolia kwamba siwezi tena, alisema, "Utaweza. Lia kwanza, kisha njo tuendelee." Naomba ukumbuke hayo utakaposoma niliyomwambia.

Ilikuwa baada ya dawa ya nne. Nsimire alirudi kutoka chuoni akaenda moja kwa moja kitandani. Kesho yake hakula. Kesho kutwa vilevile. Nikadhani ni mambo ya mvulana. Nikamkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria ya sombe, majani ya mihogo, inayoungua, hata haoni.

"Unaunguza chakula, mama," nikamwambia. "Ni nani amekukosea?"

"Maman, nilikuona," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Ku cours. Ku auditoire. Docteur wako, ule anatufundisha, alionyesha picha ya mugonjwa ku ukuta, kubwa vile. Uso haikuonekana. Lakini nilikujua. Nilijua ile kovu."

Nina kovu la moto chini ya mfupa wa bega. Nsimire alipokuwa anajifunza kutembea alivuta kitambaa cha meza, na birika la chai likanimwagikia mimi badala yake. Amekua akiligusa kovu hilo akinyonya, akisinzia, akiomba msamaha kwa jambo asilolikumbuka.

"Aliuliza nani anaweza eleza," akaendelea. "Akaninyooshea kidole miye. Hakujua miye ni mutoto wako. Sikukuwa nimeenda nawe hata siku moja ku consultation, ulinikataza. Nikasimama. Nikaeleza, Maman. Ngozi, kidonda, yote. Akasema très bien. Batu bakanipigia makofi."

Hapo ndipo alipoanza kulia. Nilimshika, na kichwani mwangu nikauona ule ukumbi wa masomo. Vijana wengi mle ndani nimewafundisha mimi, nikiwa nimevaa, nikiwa na chaki mkononi, nikiwafokea kwa sababu ya vitenzi. Sasa wamenitazama kifua wazi kwenye ukuta mzima, wakaandika. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona hasira, na nasema wazi kwamba hasira ilinipa nguvu kuliko uji wowote niliokunywa mwaka ule.

Mume wangu alikunja mikono aliposikia. Ni mtu mpole, anayepima maneno.

"Ni mubaya," akasema. "Lakini nakuomba, ungojee. Wakupasue kwanza. Tuko mikononi mwao. Ukimukasirisha Docteur sasa, nani atakutunza?"

Swali hilo nililijua kabla hajalisema. Nilikuwa nalo tangu jikoni. Hapa mjini sikuwa na daktari mwingine wa kumkimbilia kwa ugonjwa huu, au kama alikuwepo sikumjua. Baada ya majuma machache ningelala kwenye meza yake, nimelazwa usingizi, na kisu mkononi mwake. Nikinyamaza, nitapona nikiwa nimenyamaza. Nikisema, labda dawa zitakwisha ghafla, labda jina langu litasogezwa nyuma, labda nitaangaliwa harakaharaka. Hakuna aliyenitisha hivyo. Lakini kila mgonjwa anajua hofu hiyo, hata yule anayetibiwa na malaika.

Nilikumbuka ile "Sawa, Docteur" ya mlangoni, na Cibalonza nilimwuliza siku ileile, akiwa anachambua mchele.

"Ndiyo," akasema bila kusita. "Docteur aliniomba bapige picha. Alisema ni ju ya kusaidia bamama bengine, na ju ya kuituma kwa badaktari ba mbali bamushauri. Nikasema sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unatetemeka kama kuku ya mvua. Miye njo garde-malade."

"Ulitoa mwili wangu kama unatoa mihogo yako," nikamwambia. "Hata mihogo ungeitajia bei kwanza."

Uso wake ulibadilika. Aliweka ungo chini polepole.

"Na kama ningesema hapana?" akauliza. "Wewe uko pale ndani, umelala, sindano iko ndani ya nyama yako, na miye nimukatalie Docteur? Wangekutunza namna gani? Nilisema ndiyo ju ya kukulinda."

Hofu ileile. Alikuwa nayo mlangoni wakati mimi nimegeuza uso ukutani. Ningeweza kumshika mkono. Badala yake nilimwambia kwamba sihitaji ulinzi wa namna hiyo, na kesho yake akarudi Walungu na mkeka wake. Kwa dawa iliyofuata mume wangu aliomba ruhusa kazini akanisindikiza. Hakujua beseni linashikwaje. Tulicheka kidogo, lakini sikuwa na furaha.

Siku hiyo, kwenye benchi, nilikaa karibu na mwanamke aliyetoka Luberizi, mkulima wa mpunga. Tumwite Maman Riziki. Alikuwa na chupa ya uji wa mchele na kikombe kimoja, na alinimiminia kabla hajaniuliza jina. Alikuwa anaanza tu. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo.

"Bahati yako umekuja mapema," nikamwambia.

"Si bahati. Ni infirmière, muuguzi wa kwetu. Nilienda na mutoto wa homa, nikamwambia tu, mbele ya kutoka, kwamba ziwa inanivuta. Akaniambia nivue. Akasema alionyeshwa picha ku formation, mafunzo ya huku Bukavu, ya maman moja alichelewa. Akasema, 'Sitaki ufike pale.' Akanipa karatasi ya kuya huku siku ileile."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili. Sikumwuliza picha ilikuwaje. Sijui hadi leo kama ilikuwa yangu, na wanawake wanaochelewa si mimi peke yangu. Lakini nilikaa pale nikiunywa uji wake, na nilitambua kwamba hasira yangu inahitaji kunyooshwa. Picha kusaidia watu, sawa. Nililotaka ni kitu kingine, na nilitaka kukisema vizuri ili nisije nikapewa jibu la swali nisilouliza.

Nilimwambia mume wangu abaki nje ya chumba cha daktari. Akarudi benchini.

Daktari wangu ni mtu mzima, mchovu wa macho, mwenye kuuliza habari za shule kabla ya kuuliza habari za mwili. Nilivua kitambaa cha kichwa, nikakiweka magotini, nikataka anione nilivyo.

"Docteur, picha zangu ziko wapi?"

Hakujifanya haelewi. Nampa heshima kwa hilo.

"Maman, tuliomba famille. Garde-malade alikubali."

"Na miye nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mugonjwa."

"Nilikuwa mugonjwa, sikukuwa mufu."

Alivua miwani. Nikamweleza kuhusu Nsimire, jinsi alivyosimama, jinsi alivyosifiwa. Alifunika mdomo kwa kiganja. Nje nilisikia jina la mtu likiitwa.

Kisha akajitetea, kama mtu yeyote angejitetea. "Maman, zile picha nilizituma kwa mwalimu wangu, mbali. Ni yeye alinishauri nibadilishe dawa yako ya tatu. Bila yeye, kidonda hakingefunga."

Hilo sikulijua. Kidonda changu kilikuwa kimefunga kweli.

"Kwa ile nakushukuru," nikasema. "Na ungeniuliza, ningesema ndiyo."

"Na ya cours? Ungesema ndiyo?"

"Sijui, Docteur. Hukuniuliza, kwa hiyo sijui. Ile njo mulininyang'anya. Jibu langu mwenyewe silijui."

Nikamwambia ninachotaka. Zilizomo kwenye simu yake, azifute nikiziona. Ile ya masomo, aitoe hadi nitakapompa jibu. Na mgonjwa yeyote anayeweza kuongea aulizwe mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Mashi, akiwa amekaa na nguo zake mwilini, siyo amelala na sindano. Garde-malade ashike beseni, asishike neno la mgonjwa.

"Na kama hayo yatafanya mbadilishe siku yangu ya upasuaji," nikamalizia, "niambie sasa hivi, nijue."

Alinitazama kama nimempiga kofi. "Siku yako haibadiliki," akasema. "Maman, ulifikiria hivyo kweli?"

"Sisi wote tunafikiria hivyo."

Akafungua simu, akaiweka mezani kati yetu, akafuta moja moja. Kwa mara ya kwanza nilijiona jinsi wengine walivyoniona. Nililitazama titi lile baya, lenye kidonda, lililonyonyesha watoto wangu wote, na nikalihurumia. Zile zilizokwenda mbali hazikurudi. Alisema atamwandikia mwalimu wake, na naamini aliandika, lakini kitu kikishapita kwenye simu za watu hakuna anayejua kimelala wapi. Hilo nimelipokea bila kulipenda, na wewe nakuambia mapema ili uulize kabla, kwa sababu baada ya hapo unaomba tu.

Nilipasuliwa mwanzoni mwa kiangazi, vumbi likiwa limeshaanza kupanda barabarani. Asubuhi ya siku hiyo, nikiwa nimeshavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, nikasikia sauti kwenye korido ikimwuliza mtu ni wapi pa kuwashia makaa. Cibalonza aliingia na beseni, mkeka na jiko. Hakusalimia.

"Nani amekuambia ni leo?" nikamwuliza.

"Nsimire." Akakunja blanketi upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. "Sikuya ju yako. Nilikuya ju ya ndugu yangu, hajui kupika."

"Nisamehe neno la mihogo."

"Mihogo yangu inapita titi yako, hata ile itabaki," akasema, nikacheka hadi muuguzi akanikataza.

Nilipoamka kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, upande mmoja bapa kama meza. Sitakudanganya. Nililia juma zima. Mkono haukupanda hata kuchana nywele, ambazo kwa bahati sikuwa nazo. Mume wangu alijifunza kunifunga sidiria iliyojazwa pamba, akikosea ndoano kila asubuhi. Nsimire aliomba kukiona kidonda, akikaa pembeni ya kitanda, mikono yake magotini. Alisema, "Kama hautaki, ni sawa." Nikamwonyesha.

Jibu la picha ya masomo nilimpa daktari nilipokwenda kutoa nyuzi. Nilikuwa nimefikiri vya kutosha, na nilimfikiria pia Maman Riziki. Nilisema ndiyo kwa mafunzo ya wauguzi wa vijijini, kovu la chai likiwa limefunikwa. Kwa auditoire nilisema hapana, maadamu binti yangu anasoma pale. Ikawa hivyo. Nsimire anasema siku hizi, kabla ya kuonyesha picha yoyote, daktari huwaambia wanafunzi kwamba mwenye picha aliulizwa, na kama hakuulizwa haionyeshi. Wengine huona anapoteza muda.

Sasa ni vidonge tu, kimoja kila siku, kwa miaka. Nywele zimerudi, laini kuliko za kwanza. Nimerudi darasani. Hospitali naenda kupimwa tu, na Cibalonza bado anashuka kutoka Walungu kila safari, ingawa sasa naweza kubeba beseni langu mwenyewe, na hata beseni halihitajiki.

Safari iliyopita daktari wangu hakuwepo. Tulimkuta kijana aliyehitimu juzi, mwenye haraka na adabu. Alitazama kovu langu la upasuaji akasema limepona vizuri ajabu, kwamba wenzake wangefaidika kuliona. Akatoa simu. Kisha, kwa mazoea yaleyale, akanigeuzia mgongo akamwelekea wifi yangu aliyekaa karibu na mlango.

"Maman, mutatukubalia tupige picha moja?"

Cibalonza hakuinuka. Alimtazama kijana yule kuanzia viatu.

"Unaniuliza miye?" akasema. "Mwenye mwili iko nyuma yako. Iko na masikio."

Kijana akageuka. Aliona haya, na akaniuliza mimi, vizuri, kwa sentensi kamili. Picha ni ya nini, nani ataiona, itakaa wapi. Nilikuwa na sababu nyingi za kusema ndiyo. Hofu ya zamani nayo ilikuja, ikaniambia niseme ndiyo upesi, kijana asinune, mkono wake usije ukawa mzito au wa haraka. Nikatafuta ndani yangu nikaona kwamba siku hiyo sikutaka tu.

"Hapana, Docteur," nikasema. "Leo hapana."

Akarudisha simu mfukoni. Akanawa mikono, akaikausha, akanipima kwapani, shingoni, chini ya kovu, upande wa pili, polepole, bila kuruka mahali. Akaniuliza kama mkono unapanda, nikaupandisha. Akaniandikia vidonge vyangu na kuniambia nirudi mvua zikianza. Nikavaa blauzi yangu. Nilikuwa nimesema hapana, na nilikuwa nimetibiwa.